Babu Kadi Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wetu wa rilei za kinga anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha saruji kwa miaka thelathini na tisa. Msomaji mwenye kumbukumbu atauliza mbona habari hii alishaisoma. Ni kweli, ameisoma mara mbili. Miaka mitatu iliyopita tulimuaga kwa saa ya ukutani. Mwaka juzi tukamuaga tena kwa kiti cha kuegemea. Mara zote mbili hata mwezi haukuisha, huyo getini, kofia kichwani. Mimi wa ofisi ya manunuzi ndiye niliyepewa kuandika wasifu huu wa tatu. Nimechoka kuuandika, na mwenyewe amechoka zaidi kuusikia.

Alianza kama fundi umeme wa zamu, akapanda hadi kuwa mkuu wa karakana ya rilei, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na mkuu tu bila wa kuongozwa. Kwa wasiojua, rilei ni sanduku linalopima umeme unaoingia kwenye mtambo, na likiona hatari linakata kabla mtambo haujaungua. Zetu ni za kidijitali, kumi na nne, na ndani yake zimepangwa kadi za kuchomoa na kuchomeka. Kadi moja ikifa unabadilisha hiyo tu, sanduku linabaki. Uzuri wake ni huo. Ubaya ni kwamba waliozitengeneza waliacha kuzitengeneza miaka kumi na miwili iliyopita, na rilei mpya tumeahidiwa kila bajeti mpaka tumeacha kuuliza.

Hapo ndipo fundi akawa Babu Kadi. Akisikia kiwanda fulani kimefungwa, alisikitika kama sisi, kisha akauliza chumba chao cha umeme kina rilei gani. Alifahamiana na wauza vyuma chakavu kuliko anavyofahamiana na shemeji zake. Kila kadi aliyoipata aliisafisha miguu kwa kifutio cha mwanafunzi, akaiandika daftarini, akaiacha mezani ikipimwa siku saba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; yeye alisema kadi mgeni ni siku saba, na jembe hailipati mpaka yeye ajue imetoka kwa nani.

Mara ya kwanza alirudi kwa sababu kadi ya rilei ya transfoma kuu ilikufa Jumatatu, na hakuna aliyejua akiba iko wapi. Ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, nyuma ya kabati lake, imefungwa kwa kitambaa safi. Akiba haiozi, lakini nayo inataka anayejua ilipo. Aliombwa abaki wiki mbili. Zikawa mwaka mzima na ushei.

Mara ya pili ni kosa langu, na leo nalisema, maana ripoti aliyoiandika yeye inataja kosa la stoo na hainitaji mimi. Nilinunua kadi ya kupimia mkondo iliyofanana na yetu kila kitu isipokuwa herufi ya mwisho ya namba yake. Ilikuwa ya ampea moja, zetu ni za ampea tano. Wakubwa walikuwa na haraka, nami nikaona siku saba ni mambo ya kizee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kinu kilipowashwa, rilei iliona mkondo mara tano ya uliopo, ikakata umeme wa kiwanda kizima, na tanuri likasimama likiwa jekundu.

Babu Kadi wakati huo alikuwa safarini na mkewe kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Alipigiwa simu, akashuka njiani. Mama aliendelea peke yake na mfuko wa nguo za mtoto. Mjukuu huyo sasa anatembea, anaongea, na babu yake bado anamjua kwa picha. Mama hajawahi kutulalamikia; wiki iliyopita aliniambia tu kwamba anaomba simu ile izimwe. Niliona aibu, jamani. Fadhila ya punda ni mateke, na sisi tumempiga mengi.

Kwa hiyo mwaka huu tumefanya tulilopaswa kufanya zamani. Daftari limenakiliwa nakala tatu. Kopo la biskuti liko stoo, lina kadi tano, zote zimelala mezani siku saba. Na Jumanne iliyopita mafundi wawili wa zamu, nami nikisoma namba mpaka herufi ya mwisho, tulibadilisha kadi ya transfoma kuu wenyewe. Tulimwomba akae pembeni asiseme neno. Alikaa kwenye kile kiti cha kuegemea, ambacho alikirudisha karakana mwaka juzi akisema nyumbani hakina mtu wa kukikalia. Tulichomeka, tukapima, taa ya kijani ikawaka. Tulipogeuka kumwonyesha, alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akisinzia mbele ya rilei iliyofunguliwa. Hatukumwamsha.

Babu, ahsante, na utuwie radhi. Safari hii hatukununua zawadi. Ijumaa jioni tutakibeba kiti chako mpaka nyumbani, na Jumamosi wewe na Mama mtapanda gari la kwenda kwa mjukuu. Umeme wa kiwanda ukikatika, utakatika. Tuko hapa. Wewe zima simu, ukae na wako, uishi kwa raha uliyocheleweshewa.