Aliyelihamisha Jina la Randa

Benchi letu limeegemezwa ukutani, kati ya duka la kinyozi na karakana ya seremala, na kwa vipimo vyangu linatosha watu wanne wasiogombana. Tangu nistaafu utakwimu miaka mitatu iliyopita nimekalia ncha ya kushoto, ambako huitwa Profesa na sijawahi kukosa jibu. Siku hiyo palikuwa na msiba wa aina yake. Tovuti ya Randa, seremala wa vitanda vya watoto, ilikuwa imetwaliwa. Nilimsajilia jina la tovuti mwenyewe nilipokuwa bado kazini, miaka mitano kwa mkupuo. Sasa ukiifungua unaona sura ya Randa na vitanda vya Randa, ila namba ya simu ni ya mtu mwingine, anayepokea oda kwa jina la Randa.

— Wamenibeba mzima mzima, alisema Randa. Jana mama mmoja kaja kunitukana, eti kitanda chake kimechelewa. Kitanda gani? Hata simjui!

— Pole, kaka, alisema Wembe, kinyozi. Ila wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tovuti yako imejitembeza.

— Imejitembeza na sura yangu?

— Sura ndiyo iliyokuponza. Si ulipiga picha mbele ya kioo changu? Kioo kinatunza sura, bwana. Mjanja kaja kunyoa, kaichota.

— Wembe, acha porojo, alidakia Mama Birika huku akimimina kahawa. Ni setilaiti. Inapita huko juu, ikiona jina limelala, inazoa.

— Jina linalala?

— Wewe uliliamsha lini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nikafungua daftari langu.

— Ndugu zangu, tufuate utaratibu. Niliorodhesha washukiwa kumi na tisa. Nimeondoa wasiojua tovuti ni nini. Wamebaki wawili.

— Nani na nani?

— Randa mwenyewe, na marehemu fundi redio.

— Mbona wewe humo orodhani, Profesa? aliuliza Randa.

— Mtafiti hajihesabu.

— Mh! Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wembe.

— Methali si takwimu, nikamjibu, nikanywa funda la ushindi.

Hapo akatokea mwanamke mjamzito, mkononi ana karatasi yenye picha ya kitanda.

— Shikamooni, wazee wangu. Namtafuta Randa.

— Marahaba. Ndiye mimi, binti yangu.

— Niliagiza hiki kwenye tovuti yako. Nikipiga ile namba, haipokelewi tena.

Randa akamweleza yote. Miaka ishirini ya jina jema, na sasa anaitwa tapeli mlangoni kwake. Mwanamke akasikiliza hadi mwisho.

— Mimi nina duka la vitambaa, nina jina la tovuti kama hilo, alisema. Muda wake ukikaribia kwisha, wasajili wananiandikia barua pepe kila wiki nilipie upya, la sivyo mwingine analichukua. Nyinyi walimwandikia nani?

Wembe akatazama juu, kama anayeitafuta setilaiti. Mama Birika akatikisa birika. Randa akanitazama mimi, nami nikalitazama daftari. Ukurasa wa nne, kwa mwandiko wangu mzuri: anwani ya mawasiliano ya tovuti ya Randa, barua pepe yangu ya ofisini. Sanduku lile lilifungwa siku niliyostaafu, na fomu ya kulifunga niliitia saini mwenyewe, nakala tatu.

— Mama Birika, niongeze kahawa.

— Imekwisha, Profesa. Mjibu mgeni.

Nikamgeuzia Randa daftari, nikamwekea kidole kwenye mstari. Akasoma polepole, kisha akaipokea karatasi ya yule mwanamke.

— Kitanda nitakitengeneza mimi, binti yangu, hiki hiki. Keshokutwa njoo, alisema. Halafu akanigeukia: Profesa, inuka. Ingia karakanani ushike msasa.

Kitanda kile kina fito ishirini na sita, kila ufito pande nne. Ni pande mia moja na nne za kusugua. Hesabu hiyo, walau, sikuikosea.