Jioni za Uyen Alizozipanga Bi Nhan

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninayesoma ni mimi, Doan Van Tuat, mdogo wake marehemu, na sitapamba neno, kwani yeye mwenyewe alichukia mapambo.

Marehemu Bi Doan Thi Nhan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Nam Dinh, akasomea ualimu hadi mwaka 1972, akafundisha hesabu hadi alipostaafu, na wanaomsifia upole hawakuwahi kukaa darasani kwake. Mwaka 1976 aliolewa na hayati Luong Van Tuc wa shirika la reli, wakajaliwa mtoto mmoja, Khiem, huyu hapa mwenye kitambaa cheupe cha msiba kichwani.

Mwaka 2006 alifungua masomo ya baada ya shule nyumbani kwake, hesabu sebuleni, Kiingereza ghorofani, sataranji jikoni, na wali kwa watoto ambao wazazi wao huchelewa kazini, mtaa mzima ukamletea watoto. Mjukuu wake pekee, Uyen, alipotimiza miaka sita, marehemu alimtafutia walimu wakali kuliko yeye, akampangia kila jioni, piano, hesabu, Kiingereza, kuchora, hata Jumapili kuogelea, na mtoto alipolia, "Bibi, nataka kukaa na wewe tu," alimjibu, "Ukae na mimi upate nini? Nenda huko, utakuja kunishukuru."

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akalazwa, na hapo ndipo alipoanza kumuulizia Uyen, naye Khiem, kwa sauti ile ile aliyolelewa nayo, akawa anamjibu, "Mama, leo ana piano," kesho yake, "Mama, leo ana Kiingereza." Mwishoni alimng'ang'ania muuguzi mkono akimwita Uyen, na hatukumsahihisha. Alifariki Jumapili, tarehe 15 Oktoba, mtoto akiwa kwenye bwawa la kuogelea.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule aliyeitika, na majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliokuja na mashada. Mtazama nyota ametuambia jeneza litoke saa kumi kamili, na saa hiyo haisogezwi, kwa hiyo wanaouliza Uyen yuko wapi wasiendelee kuangalia mlangoni, leo ni Jumanne, ana hesabu.

Pumzika, dada yangu. Mtoto anasoma.