Fundi wa Meli ya Mvuke na Dakika Nne Zake

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu alituachia agizo moja kuhusu karatasi hii: "Msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Semeni yote, hata lile." Naisoma mimi, binti yake wa pili, na hata lile nitalisema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1939, mtoto wa nne wa seremala na mkunga, katika nyumba iliyokuwa mtaa wa tatu kutoka gatini. Alianza shule Januari 1947. Darasani alikuwa mpole, nyumbani mtundu. Siku moja alikifunga kwa waya kifuniko cha birika ili aone mvuke utafanyaje. Birika lilipasuka, ukuta ukalowa, na bibi yetu akamwambia, "Ukitaka kucheza na mvuke, nenda ukacheze na wa serikali. Huu wangu ni wa chai." Akatii. Alihitimu chuo cha ufundi Novemba 1958, akiwa wa pili kati ya wanafunzi kumi na tisa. Wa kwanza alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, kijana mrefu tuliyemjua kwa jina la Twiga.

Februari 1959 wote wawili waliajiriwa kwenye meli ya abiria inayoonekana juu ya jalada hili. Meli hiyo ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaungwa papa hapa gatini, ikashushwa majini mwaka 1912. Ilibeba wafanyabiashara, maharusi, wagonjwa na maiti. Baba alianza kwa kuchochea moto wa makaa ya mawe. Kufikia 1971 alikuwa fundi wa injini, na Twiga alikuwa mkuu wa chumba cha boila, ng'ambo ya ukuta wa chuma.

Tarehe 3 Desemba 1966 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani. Walijuana siku masizi ya dohani ya meli yalipoangukia gauni lake jeupe. Baba alikimbia na kitambaa kumfuta, kumbe kitambaa chenyewe kilikuwa cha grisi. "Nikaona heri niolewe naye," mama husema, "kabla hajamharibia mwingine." Twiga ndiye aliyesimama naye siku ya harusi. Walijaliwa watoto wanne.

Sasa nasema lile.

Tarehe 9 Agosti 1974, saa kumi jioni, meli ilikuwa inapita mlango mwembamba kati ya miamba, dhoruba ikiipiga ubavuni, na abiria mia tatu na kumi na wawili ndani yake. Kiungo cha bomba kuu la mvuke kikafumuka katika chumba cha boila. Twiga alikuwa humo peke yake, na ngazi ya kutokea ilikuwa nyuma ya mvuke ule. Upande wa pili wa ukuta, baba alikuwa ameshika gurudumu la vali inayoukata mvuke kwenye boila. Angeifunga, mvuke ungekatika na Twiga angetoka. Lakini injini ingesimama, na mawimbi yangeisukuma meli kwenye miamba.

Sauti ya nahodha ikatoka kwenye bomba la kuongelea. "Usifunge! Nipe dakika nne!"

"Kuna mtu ndani, nahodha."

"Najua. Nipe dakika nne."

Baba alimpa. Twiga aligonga ukuta kwa koleo mara nyingi, kisha mara moja moja. Meli ilipouvuka mwamba wa mwisho baba akafunga vali, akaingia mwenyewe, akamtoa mgongoni. Twiga alifariki hospitalini tarehe 12 Agosti. Abiria wote walishuka salama, wengi bila kujua kilichotokea chini ya miguu yao.

Tume ya uchunguzi ilimwondolea baba lawama. Mjane wa Twiga hakumwondolea. Makaburini alimwambia mbele ya watu, "Usikanyage kwangu." Baba hakukanyaga. Alirudi kwenye meli ile ile, akaifanyia kazi mpaka ilipostaafishwa tarehe 30 Juni 1991. Hata baada ya hapo aliendelea kwenda kila asubuhi kuipaka grisi na kuiziba matundu. Mama aliiita mke mwenza.

Mwaka 2003 iliamuliwa meli ikatwe iuzwe kama vyuma chakavu. Wakataji walikwisha kufika na mitungi yao ya gesi. Baba na wastaafu wenzake wakaomba itunzwe, na tarehe 17 Mei ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa bandari. Mwenyekiti akauliza, "Meli iliyoua mtu tuitunze ya nini?"

Nyuma kabisa akasimama mwanamke. Baba akainamisha kichwa. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Mimi ndiye mke wa mtu huyo," alisema. "Kabla hamjaikata, nataka nionyeshwe alipokuwa."

Tulishuka watatu hadi chumba cha boila, mimi nikishika tochi.

"Alisimama wapi?"

"Hapa," baba alisema.

"Na wewe?"

"Nyuma ya ukuta huu."

"Ulimsikia?"

Nilitamani baba adanganye.

"Nilimsikia. Mpaka mwisho."

"Ungeweza kufunga."

"Ningeweza."

Kando ya boila kulikuwa na tarakimu za rangi nyeupe, vipimo vya maji alivyoviandika Twiga kwa mkono wake. Mjane alipitisha kidole juu ya moja. "Hii saba ni yake," alisema. "Hata kwenye barua aliipiga mkia hivi."

Aliporudi ukumbini hakuketi. "Msiikate. Wajukuu zangu waje waone mwandiko wa babu yao. Na muandike mlangoni jina lake kamili na zile dakika nne. Huyu mzee sijamsamehe. Lakini nimemuuliza akanijibu. Wewe mwenyekiti unazungukazunguka tangu asubuhi."

Walikubali kwa sharti moja: mvuke upandishwe hadi kipimo kamili na ukae saa nzima. Kiungo kikivuja, meli ikatwe. Jaribio lilifanyika tarehe 22 Novemba 2003. Baba alimtoa kila mtu chumba cha boila, akabaki yeye na kiungo kile.

"Baba, panda juu!" nilimwita kutoka ngazini.

"Nikipanda nani atakiangalia?"

Dakika ya arobaini tone moja la maji lilijitokeza kwenye kiungo, likaning'inia, likaanguka. Mkaguzi, aliyekuwa nami ngazini, aliweka kalamu kwenye karatasi. Tukasubiri la pili. Halikuja. Saa ilipotimia mkaguzi alitia sahihi, na baba akapanda ngazi. Tangu hapo meli husafiri mara mbili kwa mwaka, na jina la Twiga liko mlangoni.

Machi 2021 baba alianza kukohoa. Madaktari walikuta mapafu yameharibiwa na vumbi la miaka mingi. Tarehe 2 Juni 2023 mjane wa Twiga alikuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Walizungumza saa nzima, mlango umefungwa. Hatujui walisema nini. Tunachojua ni kwamba baba, aliyekuwa amekataa chakula siku tatu, aliomba chai. Alifariki tarehe 6 Juni, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja na dada yake mdogo. Jana, nilipokuwa nikiimalizia karatasi hii, mjane wa Twiga alikuja akaomba naye aingizwe kwenye orodha.

"Tukuandike kama nani, mama?" nilimuuliza.

Alivaa miwani, akayasoma majina yote polepole.

"Shemeji," alisema. "Andika shemeji yake."

Ameacha pia shemeji mmoja. Mungu amlaze baba yetu mahali pa utulivu.