Bati la Kashindye Linacheza

Kijiwe chetu cha Ipuli kina benchi moja, birika langu la kahawa, na watu wanaojua kila kitu. Leo wamenikera mapema. Video ya nyumba mpya ya Bi Mwamvita, iliyopigwa na droni, imezagaa kwenye magrupu, na humo bati linacheza kama uji jikoni. Aliyeezeka ni Kashindye, huyu hapa, kahawa imempoa mkononi. Kamati ya madrasa ilishampa kazi ya kuezeka. Tangu jana inatafuta fundi mwingine.

— Mimi lile bati nililipiga kamba, likanyooka, akasema Kashindye. Sasa nitaficha wapi uso?

— Joto la Tabora hilo, akasema Abasi, tunayemwita Profesa. Bati likipata jua linahema.

— Hema wewe, akajibu Stesheni, mstaafu wa reli kule Igalula. Hapo ilipita treni ya mizigo.

Profesa akaona anazidiwa, akapandisha dau.

— Pale ilikuwa njia ya misafara. Wapagazi wa pembe bado wanapita chini kwa chini, na mizigo yao.

— Mpaka leo hawajafika Bagamoyo? akauliza Stesheni.

— Watafikaje, na foleni ile ya Kibaha?

Nikawaambia wafunge midomo, mwenye droni kaja. Majidi akafungua kompyuta.

— Tazameni nguzo ya umeme. Nayo inacheza. Aliisimamisha Kashindye?

Tukainamia kioo.

— Mapanga ya droni yalitikisa kamera, akaendelea Majidi. Kamera inasoma picha mstari kwa mstari. Ikitikisika, mistari inapishana. Nimeipanga upya.

Akabonyeza. Nguzo ikasimama wima. Bati likanyooka kona hadi kona. Kashindye akainuka, akakaa, akainuka tena, machozi yanamlengalenga na wala hayafichi. Majidi akairusha kwenye grupu, na kabla sijamaliza kumimina raundi nyingine, kamati ikajibu: fundi aje Jumatatu.

Tukampigia makofi mpaka wapita njia wakasimama.

— Mimi nilijua tangu mwanzo ni kamera, akasema Profesa.

Levina, nesi anayetoka zamu Kitete, akasogea.

— Shikamooni. Kuna nini?

Tukamweleza wote kwa mpigo.

— Hongera, fundi. Ila nyumba ya Bi Mwamvita si ndiyo hiyo nyuma yenu?

— Ndiyo, akasema Stesheni.

— Sasa kwa nini hamkugeuka tu mkaitazama?

Wote wakanigeukia mimi, ninayemimina kahawa nikiielekea nyumba hiyo. Nikatangaza kahawa imekwisha, ilhali birika bado lilikuwa nusu.