Mke wa Mtu: Maisha ya Gudveig Stroud wa Bodø, 1935–2024

Ndugu, majirani na marafiki mliofika leo katika baridi hii, asanteni. Haya ni maisha ya Gudveig Stroud kama yalivyoandikwa na binti yake, Eldbjørg, ambaye ndiye anayesoma, na kusahihishwa na mdogo wa marehemu, Aslaug, ambaye amekaa benchi la mbele na ameahidi kunyamaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1935 mjini Vardø, mtoto wa kwanza wa mvuvi Sivert Lorentsen na mkewe Petra. Alikuwa na miaka tisa wakati Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma, walipouchoma moto mji. Familia ilipandishwa mashua kuelekea kusini. Petra alimbeba Aslaug mgongoni na kichwa cha cherehani kifuani. Gudveig alikabidhiwa sufuria yenye viazi na kuambiwa asiiache hata meli ikizama. Hakuiacha. Aslaug anasema tabia yake yote ilianzia kwenye sufuria hiyo: akishakabidhiwa kitu, kumnyang'anya ni kazi.

Walifikia Bodø, mji uliokuwa umelipuliwa kwa mabomu na ulikuwa unajengwa upya kwa mbao za kuokoteza. Alisoma katika banda la askari lililogeuzwa shule, watoto wakipokezana madawati asubuhi na mchana. Hesabu zilimshinda, naye hakuona haya kusema hivyo. Sauti ndiyo iliyokuwa yake. Akisoma Zaburi, hata walio nyuma waliacha kukohoa. Kiingereza alijifunza kwa kusikiliza redio jikoni kwa mama yake, na ndiyo sababu mpaka uzeeni alikizungumza kama mtangazaji wa habari. Alipata kipaimara mwaka 1950.

Mwaka 1953 aliajiriwa kwenye swichibodi ya simu ya mji. Enzi hizo ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali ulimpigia kwanza mwanamke mmoja aliyevaa visikilizio, akachomeka waya, akakuambia usubiri. Mwaka 1957 Wamarekani walianza kuutumia uwanja wetu wa ndege zaidi ya ilivyokuwa ikisemwa hadharani, na miongoni mwao alikuwako kijana wa Iowa aitwaye Wendell Stroud, mtaalamu wa mitambo ya redio. Alipiga simu Jumapili moja akitaka kuzungumza na mama yake.

"Subiri, bwana," Gudveig akamwambia kwa Kiingereza chake cha redioni.

Akasubiri karibu saa nzima. Laini ilipopatikana, akasema, "Dada, mwambie mama yangu nitampigia wiki ijayo. Kwanza nataka kujua wewe unatoka kazini saa ngapi."

"Mama yako yuko kwenye laini, anasikia."

"Ndiyo, nasikia," ikasema sauti ya mama kutoka Iowa. "Mjibu tu, binti yangu, simu hii ni ghali."

Marehemu alipenda kulisimulia jambo hili, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba wa kwanza kusubiri alikuwa Wendell, si yeye. Walifunga ndoa katika kanisa la Bodø Jumamosi tarehe 14 Juni 1958. Tuna picha moja. Bwana harusi ana masikio makubwa na anacheka akiwa amefumba macho.

Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo, siku ya Alhamisi, Wendell alipanda ndege iliyoelekea kaskazini juu ya Bahari ya Barents. Haikurudi. Waliobaki tuliambiwa mambo mawili. Warusi walisema ndege ilivuka mpaka wao, ikaonywa, ikapigwa risasi, kisha ikatokomea baharini. Wamarekani walisema haikuvuka mpaka wowote, na kwamba ilikuwa ikipima hali ya hewa. Kwa miaka ile hayo yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya wakubwa wawili: wakirushiana ndege mchana na maneno jioni, na sisi tuliokaa katikati tukiambiwa tusiulize. Marehemu, ambaye alijua fika mumewe alikuwa akisikiliza rada za Warusi, aliuliza mara moja tu: "Hali ya hewa gani hiyo inayosikilizwa kwa masikio?"

Lakini kabla ya maelezo hayo, siku mbili baada ya ndege kupotea, kulikuwa na Jumamosi ya mchungaji, na hii lazima isimuliwe, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka hapo. Mchungaji alikuwa mgeni, mtu wa kusini, kijana na mwenye haya. Alifika na kola yake shingoni, akamkuta Gudveig amejaa unga hadi viwikoni, anachoma lefse, chapati zetu za viazi. Akasimama mlangoni na kusema kwamba Wendell ni *savnet*.

Sasa, neno hilo kwa lugha yetu lina sura mbili. Katika karatasi za serikali maana yake ni kwamba mtu hajulikani alipo. Lakini kwetu pwani ya kaskazini, asiyerudi kutoka baharini tulimsema kwamba "amebaki huko". *Savnet* lilikuwa neno la barua za mapenzi. Maana yake: anatamaniwa, moyo unamlilia. Bibi harusi wa miezi minne akasikia neno la barua za mapenzi kinywani mwa mchungaji. Akacheka.

"Hata mimi, mchungaji," akamjibu. "Tangu Alhamisi! Ingia, kahawa iko motoni."

Maskini mchungaji aliingia. Akanywa kikombe kimoja, akaongezewa cha pili, akala lefse yenye siagi na sukari, na kila alipofungua kinywa ulimi ulikuwa mzito. Alipotoka alikimbilia kwa Aslaug, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na tano, akamsihi akamwambie dada yake ukweli. Aslaug alimkuta akiimba.

"Dada, mchungaji alikuja kufanya nini?"

"Kunisalimia. Ana moyo mzuri yule. Anasema Wendell anatamaniwa."

"Si hivyo, dada. Dada, keti kwanza. Si hivyo."

Hakuketi. Alisikiliza akiwa amesimama, halafu akageuza lefse iliyokuwa inaungua. Tangu siku hiyo alishikilia kwamba ameambiwa jambo moja tu kuhusu mumewe, nalo ni lile alilolisikia yeye. Wamarekani walipomtangaza Wendell kuwa amekufa, mwaka mmoja baadaye, na kumletea bendera iliyokunjwa, aliipokea kwa adabu, akawaambia ataitunza hadi mwenyewe atakapokuja kuichukua. Mama mkwe wake alimwandikia kutoka Iowa akimsihi aanze maisha mapya. Alimjibu kwa upendo, na hakulifuata hilo.

Mwaka 1963 fundi wa injini za mashua, Torleif Hauan, alipanga chumba cha juu nyumbani kwa Gudveig. Wengi wenu mlimjua Torleif: mpole, mrefu, mikono inayonuka dizeli hata Krismasi. Alipanda na sanduku lake, na hakushuka tena kuhama. Wakati huo sheria yetu bado ilikataza mwanamume na mwanamke wasiooana kuishi pamoja, kwa hiyo kwa mji mzima Torleif aliitwa mpangaji. Eldbjørg alipozaliwa, tarehe 9 Machi 1966, na mchungaji akauliza baba wa mtoto ni nani, Aslaug ndiye aliyejibu: "Mpangaji. Tulimwambia alipe kwa wakati, ndiyo matokeo."

Torleif alitaka ndoa. Hakuficha. Karatasi zote zilikuwa tayari zimesema kwamba Wendell amekufa. Kilichobaki ni Gudveig kusimama mbele ya mchungaji na kujiita mjane. Neno moja. Hakuweza.

"Mimi ni mke wa mtu, Torleif," alimwambia.

"Basi mimi ni mpangaji wa mke wa mtu," Torleif akajibu, na akaenda kupasua kuni.

Asidhani mtu kwamba nyumba ile haikuwa na raha. Ilikuwa na raha nyingi. Walicheza karata kwa hasira, walikwenda kuokota beri milimani kila Agosti na kuzozana njia nzima kuhusu nani anajua sehemu nzuri. Mitambo ilipochukua kazi ya swichibodi mwaka 1978, marehemu alihamia maktaba ya mji, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 2002. Lakini ndege za kijeshi zilipopita juu ya paa, na kwetu hazikuisha kupita, alinyamaza katikati ya sentensi. Torleif naye aliangalia sahani yake. Binti yao alikua akijua kwamba katika nyumba ile watu wawili walikuwa wakitamani, na kila mmoja alimtamani mtu ambaye hakumpata kikamilifu.

Mwaka 1992 mpaka wa Urusi ulipofunguka, ni Torleif aliyewasha gari. Alimwendesha hadi Murmansk, ambako kupitia mwalimu mmoja aliyejua Kinorwe walipata kuonana na rubani mstaafu aliyekuwa angani siku ile, upande wa pili. Aliishi ghorofa ya nne, mgonjwa wa mapafu, na mkewe alikuwa ameandaa samaki wa chumvi na chai. Torleif alikaa karibu na mlango, kofia mikononi.

"Niliamriwa nipige, nikapiga," mzee yule alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mama. Niliona moshi. Niliiona ikiingia mawinguni. Miavuli ya kurukia sikuiona."

"Hukuiona?"

"Sikuiona." Akakohoa kwa muda mrefu. "Lakini kulikuwa na mawingu."

Mzee yule alisema hivyo kwa huruma, bila shaka. Binti yao aliisikia habari hii kutoka kwa baba yake, si kwa mama. Torleif alisema kwamba hadi kufika neno *lakini* alikuwa amekwisha kusimama na kuchukua makoti, akiamini kwamba wanarudi nyumbani wakiwa watu wapya. Kisha akayatundika tena. Njia nzima ya kurudi marehemu alizungumza juu ya mawingu, na Torleif aliendesha.

Torleif alifariki tarehe 11 Februari 2009, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Katika tangazo la msiba palihitajika neno la kueleza Torleif alikuwa nani kwa Gudveig. Aslaug alimjia juu.

"Hata leo, Gudveig? Miaka yote hii, na mtu yuko kwenye jeneza?"

"Nikisema mume, nimemuua yule mwingine."

"Yule mwingine hukumfulia soksi!"

Tangazo liliandikwa "rafiki mpendwa". Binti yake aliumia, na haoni sababu ya kuficha hilo leo. Baba yake alistahili zaidi.

Baada ya hapo marehemu alianza kwenda makaburini kila Jumapili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa yeyote, na alikaa huko muda mrefu. Hatukumuuliza alichokuwa akisema. Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2021. Januari mwaka huu maji yalijaa mapafuni, akalazwa hapa Bodø, na madaktari wakatueleza ukweli. Yeye alishaujua.

Jumapili asubuhi, siku mbili kabla ya kufa, binti yake alikuwa akimlisha uji. Aliusukuma mkono wenye kijiko.

"Wendell alikufa," akasema.

"Mama? Nani amekuambia?"

"Hakuna. Alikufa siku ile ile, humo humo kwenye moshi. Alikuwa na miaka ishirini na sita." Akapumzika kidogo. "Nimemshikilia mno, Eldbjørg. Hata yeye angeniambia nimwache."

"Basi mwache, mama."

"Nimemwacha. Sasa mimi ni mjane, naweza kuolewa." Akatazama mlangoni, kama mtu anayetarajia mgeni. "Mwite baba yako."

"Mama, baba hayupo."

"Najua hayupo," akasema, na machozi yakamtoka. "Unadhani nalilia nini?"

Gudveig Stroud alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa binti yake na mwingine kwa mdogo wake.

Ameacha binti mmoja, Eldbjørg. Mdogo wake Aslaug. Wajukuu wawili, Jorunn na Sigvart. Kitukuu mmoja, Tiril. Na wenzake wa swichibodi wawili waliobaki, ambao tunawaona pale nyuma na tunawashukuru.

Ametanguliwa na wazazi wake, Sivert na Petra. Ametanguliwa na mume wake Wendell Stroud, aliyefariki tarehe 16 Oktoba 1958 angani, juu ya Bahari ya Barents. Na ametanguliwa na mume wake Torleif Hauan, ambaye leo tunamlaza marehemu kando yake. Torleif hakulisikia neno hilo alipokuwa hai. Kwa idhini ya marehemu tunalisema sasa, na tutalisema tena kaburini, kwa sauti: mume wake.

Mungu awapumzishe kwa amani, kila mmoja pale alipo.