Mchezo wa Kumi na Mbili, Wote kwa Moyo

Mvua ilikuwa imekatika mchana na mtaa mzima umeshikwa na usingizi, hata cherehani ya Fundi Vifungo ilikuwa imenyamaza. Kwenye benchi la mbele ya duka lake waliketi wale wale: Karani, mstaafu wa masjala anayejua kila kilichowahi kupigwa muhuri, na Redio, fundi wa redio ambaye mwenyewe hazimiki. Birika la kahawa katikati, ubao wa sataranji juu ya stuli, na Fundi amekikumbatia kitabu cha mchezo huo. Miezi mitatu amekisoma, mpaka vigae vya sakafuni vikawa vinamwonyesha farasi wakiruka. Aliyekituma ni bintiye, na kesho anakuja. Tangu wamzike mama yake, simu zao zilikuwa salamu, “umekula?”, kwaheri. Safari hii binti aliandika: Baba, nikija tucheze. Fundi aliuogopa mchezo huo kwelikweli, maana huo nao ukiwashinda, hakujua wangebaki na nini.

— Umefika wapi? aliuliza Karani.

— Nimemaliza. Mara nne.

— Ndiyo kosa lako, unakwenda kwa mafungu. Haba na haba hujaza kibaba: kitabu unakimeza kwa mkupuo mmoja, kama dawa ya minyoo.

— Usimpoteze mwenzio, alidakia Redio. Kitabu cha sataranji kinaanzwa mwisho. Mwisho wamebaki wafalme wawili na kiaskari kimoja, hapo hata mimi naelewa. Mwanzoni ni msongamano mtupu.

Fundi aliona hilo lina akili kidogo, na kwa kuwa limetoka kwa Redio, akaingiwa na wasiwasi.

— Mwanzo, mwisho, hayo ya watoto, alisema Karani. Kisome umelala. Kiweke kifuani, fumba macho. Maji hufuata mkondo.

— Mkondo gani tena, mzee?

— Wa usingizini! Zile herufi na namba zinapanda zenyewe kichwani.

— Hapo sasa umenena. Redio yangu hunasa stesheni hata mimi nikikoroma.

Fundi aliwasikia kwa mbali. Mwanga mlegevu ulitambaa juu ya ubao, na vivuli vya kete vikasogea bila kuguswa na mtu. Alitamani kesho ije, na alitamani isije.

— Mimi nimekariri, alisema. Mchezo wa kumi na mbili, wote kwa moyo. Weupe hatua thelathini na moja, weusi thelathini. Nikifumba macho nauona.

— Basi umemaliza kazi! Karani akapiga goti. Mchumia juani hulia kivulini. Kesho unakaa kivulini, unamla malkia wake!

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja, gauni la kupunguzwa mkononi, akisikiliza.

— Samahani, alisema. Na huyo binti ameahidi kucheza hivyo hivyo kama kitabuni?

Karani alichungulia ndani ya kikombe. Fundi alihisi miezi mitatu ikimponyoka kwenye vidole.

— Sogeeni kidogo, alisema yule mama. Akakaa, akafungua kitabu, akapanga kete mpaka hatua ya tano, kisha akafunika mistari iliyobaki kwa kiganja. Haya, kaka. Sasa hapa wewe ungecheza nini?

— Kitabu kinasema...

— Nimekifunika kitabu. Wewe.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Fundi aliutazama ubao kwa muda mrefu, kahawa ikapoa. Mwishowe akamsogeza askari wa pembeni, nyumba moja.

— Kwa nini huyo?

— Nimemhurumia. Yuko peke yake kule, hana anayemtazama.

Mama aliondoa kiganja. Kitabu kilikuwa kimesogeza farasi.

— Nimekosea, Fundi alisema kwa sauti ndogo.

— Pengine. Kitabu kitakueleza kwa nini, ukishajaribu kwanza. Lakini bintiyo naye atakuuliza: baba, kwa nini huyo? Utamjibu nini?

Redio alikohoa. Karani alitafuta methali, akaikosa.

Machozi ya Fundi yalikuwa karibu, wala hakuyaonea haya. Alikivuta kitabu kwenye mwanga, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya hatua ya saba.