Mama Kokubanza na Kiatu Chake cha Chini ya Meza

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasemea watu mbele ya maofisa wa kodi, Mama Annastella Kokubanza anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi yetu ya ushauri wa kodi hapa Bukoba inampigia makofi, ingawa, tuseme ukweli, mioyo yetu imenyong'onyea.

Alianza kama karani, akasoma, akafaulu mitihani, akasajiliwa kuwa mshauri wa kodi. Kazi ilimfikisha hadi Kimwani kwenye matope. Mezani alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akianza kujieleza kuliko alivyoulizwa, Mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Mfanyabiashara mmoja wa Kibeta alitoka akichechemea na kucheka, kesi ameshinda.

Lakini hakuna kilichomuumiza kama suala la Clotilda wa Ijumbi, mjane aliyekuwa na ghala la kahawa. Alipokadiriwa kodi kupita kiasi, alitaka kumwita Mama Kokubanza. Ukoo ukakataa: mtu wa kulipwa wa nini, tena mwanamke? Wakamtuma shemeji yake, Lwakatare, mshenga ambaye hakuna posa iliyowahi kumshinda. Naye akafanya kama ukweni. Akanyenyekea, akakiri kila kosa, hata lisilokuwepo, akingoja kupunguziwa. Ukweni wangempunguzia. Kwenye ofisi ya kodi waliandika kwamba amekubali, wakampa kalamu, akasaini.

Mama Kokubanza alipoitwa, muda wa kuweka pingamizi ulikuwa umekwisha. Alihangaika hata hivyo, akashindwa. Clotilda aliuza ghala, kisha kibanja chote, pamoja na migomba, mibuni na kaburi la mumewe. Siku hiyo Mama alilia ofisini, mlango ukiwa wazi. Tangu hapo, Mama alimuuliza kila mteja mpya kwanza nani ameshamsemea, na alisema nini.

Sasa anaondoka, na mrithi aliyesajiliwa hatujampata. Wateja wa Muleba wanatuambia tusijisumbue, wanao ndugu zao wanaojua kuongea. Tunaogopa sana.

Asante, Mama, kwa kutusemea na kwa kutukanyaga. Clotilda amekutumia akamwani, kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni wa heshima. Zamani angeichuma kibanjani kwake. Hii ameinunua sokoni. Ipokee, na Mungu akujalie mapumziko mema.